Tupeane uzoefu: saizi za rimu na tairi kwa gari ya spoti iliyoshushwa

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Swali la "rimu za inchi 18 zitaingia?" linaulizwa sana, na jibu la "zitaingia tu" halimsaidii mtu. Kipenyo ndicho chepesi kuliko vyote. Kinachokwaruza madigadi ni upana wa rimu na ofuseti, ile namba ya ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari; ikipungua, rimu inatoka nje), na hasa gari ikishashushwa. Kwa hiyo ukichangia weka namba kamili: rimu, ET, tairi, gari imeshuka kiasi gani, inagusa wapi.

Naanza na yangu. Toyota 86, kiwandani ilitoka na 17x7 ET48 (kipenyo inchi 17, upana inchi 7), tairi 215/45R17 (upana mm 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Nimeishusha milimita 30 kwa springi. Nilikuwa nimezipenda rimu za 17x8 ET35, lakini kabla ya kutoa hela nilikaa na kalamu. Inchi moja ya upana ni 25.4 mm, nusu inaenda nje na nusu ndani, yaani 12.7 kila upande. ET ikitoka 48 kwenda 35, rimu nzima inasogea nje 13 mm. Jumla, mdomo wa nje unatokeza 25.7 mm zaidi ya zamani, ndani karibu hakuna kilichobadilika.

Nikafunga nati kwenye uzi, nikauning'iniza kutoka ukingo wa madigadi, nikapima umbali hadi mdomo wa rimu ya zamani. Nafasi haikutosha. Nikachukua 17x8 ET45: nje inaongezeka 15.7, ndani 9.7, na kwenye shokapu bado kuna nafasi. Nimevalisha 225/45R17. Hata nikibeba abiria nyuma, haigusi popote.

Kashata

Mkuu, hesabu yako ni safi. Mimi nazungumzia kuvutwa kwa tairi, yaani tairi nyembamba kuvalishwa rimu pana.

Mazda MX-5 yangu niliikuta imeshashushwa na mwenyewe wa kwanza, imevalishwa 195/50R15 kwenye rimu ya upana wa inchi 9. Tairi hiyo imetengenezwa kwa rimu ya inchi 5.5 hadi 7. Kwa nje inapendeza, lakini ubavu umelala na ukingo wa rimu umebaki wazi kabisa, shimo dogo tu linaipiga rimu yenyewe. Kashata za nje, yaani mpira wenye michoro unaokanyaga barabara, zilikuwa nzima. Nilipokata usukani hadi mwisho na kuinama kutazama ndani, nikakuta waya zimeshatokeza. Fundi wa mwanzo aliniambia ni tairi mbovu.

Haikuwa tairi. Gari ilishushwa bila kupigwa alaimenti tena. Kwenye gari kama hii, ukishusha, tairi zinainamia ndani kwa juu, ndiyo kemba hasi. Lakini kilichokula kashata haraka ni tou, yaani tairi zinavyoelekea ukizitazama kutoka juu: mbele zilikuwa zimefunguka, kila moja inavuta upande wake huku inaburuzwa. Nimerudi 15x7, tou imenyooshwa, kemba nimeiacha hasi kidogo kwa ajili ya kona. Sasa zinalika sawasawa.

Habu

Fupi tu. Rimu nyingi za dukani zina tundu la kati kubwa, mfano 73.1 mm, ili zivae magari mengi. Habu ya 86, ile sehemu ya katikati ya gari inayoingia kwenye tundu hilo, ni 56.1. Bila ringi ya kujaza hapo katikati, rimu inaweza kukaa pembeni kidogo wakati wa kufunga nati. Yangu ilitetemesha usukani kwenye mwendo mkubwa na kupiga balansi hakukusaidia. Ringi zilipowekwa, kimya.

Ubavu Mwembamba

Wadau, mnaotaka 18 kwenye hiyo 86: 225/40R18 ina kipenyo cha 637 mm, ya kiwandani ni 625. Spidomita itasoma chini kuliko ilivyokuwa ikisoma mwanzo kwa karibu asilimia 2, na huo urefu wa ziada unapunguza nafasi juu ya tairi, mahali ambapo gari iliyoshushwa haina nafasi ya kuchezea. 215/40R18 ni 629, inakaribia zaidi.

Ila soma namba ya mzigo ubavuni. Ya kiwandani ni 87, yaani kilo 545 kwa tairi. Kuna 215/40R18 zenye 85, kilo 515, na kuna zilizoimarishwa zenye 89, kilo 580. Chukua 89. Ubavu ukiwa mfupi na mzigo ukizidi, rimu ndiyo inapinda.

Mleta uzi

Asante mkuu, hiyo ya mzigo ni muhimu sana.

Niongeze jinsi ya kujaribu. Vaa rimu tupu bila tairi, toa springi upande mmoja, gari ikae salama kwenye stendi, kisha nyanyua mkono wa sasipensheni kwa jeki mpaka ufike kwenye raba inayouzuia usipande zaidi. Zungusha usukani mwanzo hadi mwisho. Ukumbuke tairi itaongeza upana na kimo, na za kampuni mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana mabega. Ukishavalisha tairi, paka chaki ndani ya madigadi, endesha na mzigo wako wa kawaida, halafu angalia palipofutika.