Naomba ushauri: wiki ya kupanda farasi kwenye ranchi ya ng'ombe Laikipia, nivae nini?

NyotaYaUmoja
Hamjambo wadau. Naombeni msaada wa haraka maana usingizi umenipaa. Nimepata nafasi ya likizo kwenye ranchi moja ya ng'ombe huko Laikipia, ukishapita Nanyuki. Si ile safari ya kukaa kwenye gari ukipiga swara picha. Mgeni anapewa farasi, asubuhi anatoka na wachungaji, ng'ombe wa aina ya Boran wanafunguliwa bomani, mnashinda nao malishoni. Siku ya josho mnawapeleka kuogeshwa dawa ya kupe. Katikati ya wiki kundi linahamishiwa boma la mbali na mnalala kwenye hema huko huko.

Nimeitaka safari hii tangu nikiwa mdogo na sasa imefika, natetemeka. Jinzi itafaa? Viatu gani? Na baridi ya huko mwezi wa saba ikoje?

Kamba_Moja_Kawangware
Wiki ni pesa ngapi? Usije ukatuambia umelipa bei ya ng'ombe ili ukamwangalie ng'ombe.

NyotaYaUmoja
Bei ni ya juu, sitaki kudanganya, lakini wakazi wa Kenya tunapunguziwa. Nimeweka akiba mwenyewe, si mkopo. Nusu nimeshalipa na hairudishwi. Tusaidiane kwa mavazi tafadhali.

Shangazi_Pangani
Mwanangu, mimi siwezi kukuambia habari ya suruali kabla sijakuambia hili. Mwaka niliotaka kumwona kifaru nilipanda matatu hadi Nanyuki na binti yangu, tukaingia Ol Pejeta tukamwona Najin na mwanawe Fatu. Vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani ni hao wawili tu, wote majike. Sudan, dume la mwisho, alikuwa ameshakufa Machi 2018. Nililia pale kwenye uzio. Na ng'ombe wanalisha palepale kwenye hifadhi, Boran wanene, vifaru upande huu na ng'ombe upande ule. Kwa hiyo nenda, utaona makubwa. Baridi ni kali, Nanyuki iko karibu mita 1,900. Beba sweta mbili na soksi za sufu.

Visigino_Chini
Napanda farasi Karen kila wikendi, ngoja nijibu la mavazi. Jinzi yenye mshono mnene ndani ya paja itakuchuna ngozi kabla ya saa nne asubuhi. Vaa taitsi nene, mshono usipite upande wa ndani wa goti. Viatu viwe vya kufunika kifundo, soli isiyo na meno makubwa, na kisigino kifupi, kama inchi moja. Hicho kisigino ndicho kinachozuia mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha tandiko unachokanyagia. Ukianguka mguu ukiwa umenasa, farasi anakuburura. Raba acha nyumbani. Kofia ngumu uliza kama wanayo ya saizi yako, na uifunge kidevuni kila mara.

Sasa na mimi nina swali. Umepanda farasi kiasi gani?

NyotaYaUmoja
Asante sana kaka, hayo ya mshono sikuyajua kabisa. Kuhusu kupanda niko sawa, farasi siwaogopi hata kidogo. Kuna anayejua mahali pa kununua hivyo viatu hapa mjini bila kuumia mfuko? Gikomba nitapata?

Kamba_Moja_Kawangware
Gikomba utapata viatu na farasi mwenyewe ukichelewa kuondoka.

Mwana_wa_Langoni
Dada, sisi Lamu hatuna haja ya vikuku wala tandiko. Mtoto wa miaka sita anaruka juu ya punda, miguu upande mmoja, mzigo wa mawe ya matumbawe nyuma yake, anapita kwenye vichochoro ambavyo ukitanua mikono unagusa kuta zote mbili. Mnyama anasikiliza mwili wako, hayo mengine ni mapambo. Marehemu baba alikuwa na punda aliyejua njia ya kurudi nyumbani kutoka shamba peke yake. Ukilegea yeye analegea. Huo ndio ushauri wangu.

Olchore_Rongai
Kabla hujafurahia hayo malisho, jua ni ya nani. Mkataba wa 1904 ulituhamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, na uliahidi utadumu maadamu Wamaasai wapo. Haukufika miaka kumi. Wa 1911 ukatutoa Laikipia yenyewe tukaswagwa kusini na mifugo yetu, watu na ng'ombe wakafia njiani. Tulipokwenda mahakamani 1913 kesi ikatupwa. Halafu leo mtu analipa ili aswage ng'ombe kwenye nyasi hizo hizo kama burudani. Sikukatazi dada, lakini ukiwa pale juu ya tandiko waulize wachungaji wazee mababu zao walilisha wapi.

NyotaYaUmoja
Olchore, nakuheshimu na nitauliza. Ila kwangu mimi hii si burudani tu. Babu yangu mzaa mama alikuwa saisi kwenye shamba la mzungu upande huo huo wa Nanyuki. Miaka yake yote aliamka gizani kuwasugua farasi, kuwalisha, kuwatandika. Hakuruhusiwa kumpanda hata mmoja kwa raha yake, ila kumtoa zizini na kumrudisha. Aliyekuwa akipanda ni bwana mkubwa na watoto wake. Babu alikufa akisema angependa siku moja kufuata ng'ombe akiwa juu ya farasi, aone wanachokiona wao. Ndiyo maana naenda.

Shangazi_Pangani
Sasa umeniliza tena. Nenda mwanangu.

Visigino_Chini
Pole kwa babu, na nia yako naielewa. Lakini bado hujanijibu. Ranchi kama hizo hukutumia fomu kabla ya kukupokea: kilo, urefu, afya, uzoefu. Kwenye uzoefu uliandika nini?

NyotaYaUmoja
Niliandika mzoefu.

Visigino_Chini
Na ukweli ni upi?

NyotaYaUmoja
Nimepanda ngamia pale ufukweni Mombasa, na farasi mara chache nikiwa nimeshikiwa kamba.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Fomu ilikuwa na mistari mitatu. Ukiweka mgeni kabisa, au anayeanza, hutoki na ng'ombe. Unabaki karibu na nyumba ya wageni, saisi anakuvuta kwa kamba mbele ya bustani halafu unaletewa chai. Mjukuu wa saisi avutwe na saisi! Nimejiandikisha masomo Karen, Jumamosi na Jumapili hadi siku ya safari. Mwendo wa kawaida unajifunza haraka, na ng'ombe wenyewe wanatembea polepole, hakuna mbio.

Visigino_Chini
Dada, ng'ombe wanatembea polepole. Tembo hatembei polepole. Huko hakuna uzio kati yako na wanyama. Kutoka mgongoni mwa farasi unawakaribia twiga na pundamilia kuliko ukiwa kwa miguu, kwa sababu hawaoni umbo la mtu, na hapo ndipo raha ilipo. Lakini ukikutana na nyati dume wa peke yake kwenye vichaka vya leleshwa, kiongozi anasema neno moja tu, geuza, na wote mnaondoka shoti. Asiyeweza kukaa juu ya farasi anayekwenda shoti anabaki chini. Kisha kiongozi lazima arudi kumchukua, na sasa walio hatarini ni wawili.

Tena fomu ndiyo inayokuchagulia farasi. Ukiandika mzoefu wanakupa farasi mwepesi, anayetii kidole. Wewe ukishtuka utambana kwa miguu, naye ataelewa umesema twende. Hao wanaoanza hupewa mzee mtulivu asiyejali hata mvua ya mawe.

Kamba_Moja_Kawangware
Nyati hasomi fomu.

NyotaYaUmoja
Ni kwamba nyote mnaongea kama vile nitaenda kesho. Nina wiki za kutosha. Mwalimu wa Karen amesema nina mwili wa kupanda farasi, nakaa wima bila kuambiwa. Na nusu ya pesa imeshakwenda.

Jicho_la_Buruburu
Nimeusoma uzi wote na nasema hivi: ni wa kutunga. Hakuna mahali Kenya ng'ombe wanachungwa kwa farasi. Hayo ni ya Texas na Argentina. Hapa mchungaji ana fimbo, shuka na redio, anatembea. Farasi hata hawakai vizuri nchi yenye pundamilia wengi, kuna ugonjwa unawamaliza. Akaunti yenyewe ya mwezi huu. Halafu babu saisi katokea pale pale mtu alipoanza kuulizia ardhi. Huyu ni wakala wa utalii. Subirini, kesho ataweka namba ya simu na bei ya punguzo.

Mwana_wa_Langoni
Lo! Na mimi nilishaeleza habari za baba.

Mzee_wa_Josho
Sikutaka kuingia lakini nimefanya kazi ranchi za Laikipia hadi nilipostaafu. Jicho, umesema kweli nusu. Wachungaji wanatembea, ndiyo, na kazi yote wangeifanya bila farasi hata mmoja. Farasi wapo ranchi chache, kwa wageni, na meneja akitaka kukagua uzio au kutafuta ng'ombe aliyepotea. Mgeni anafuata nyuma na pembeni, anasaidia kuzuia wanaotawanyika. Kwa hiyo alichoelezwa huyu dada kipo.

Huo ugonjwa unaoutaja upo pia. Unaletwa na visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma jioni na usiku. Pundamilia anaubeba bila kuugua, farasi anakufa. Ndiyo maana farasi wanachanjwa na wanaingizwa ndani kabla jua halijazama. Dada, kama umeambiwa mtalala kwenye hema na farasi, uliza wanawalaza wapi usiku huo.

Na kuhusu ng'ombe, kila jioni wanahesabiwa wakiingia boma la vyuma. Zile ni fremu za chuma zinazounganishwa, simba hapenyi, na likijaa samadi linavunjwa linahamishwa, nyasi zinaota vizuri pale lilipokuwa. Josho ni kwa ajili ya kupe, maana kupe ndiye analeta ndigana kali. Siku ya josho farasi wakae mbali. Ng'ombe akiruka mle, dawa inarukia kila mtu.

Jicho_la_Buruburu
Mzee nakuamini wewe. Huyu bado. Mjukuu wa saisi aniambie kitu kimoja ambacho babu alimfundisha, kisiwe cha kwenye intaneti.

NyotaYaUmoja
Siwajibiki kwako lakini nitakujibu, kwa ajili yake.

Babu alinifundisha kusafisha kwato kwa punda wa jirani, kwa kuwa farasi hatukuwa naye. Husimami mbele wala nyuma, unasimama ubavuni mwake, ukiangalia mkia. Mkono unaanzia begani, unateremka mguuni bila kuinuka, ili ajue uko wapi wakati wote. Ukifika juu kidogo ya kifundo, nyuma, kuna mishipa miwili migumu, unaibana kwa vidole na kumwegemea kidogo kwa bega. Anahamishia uzito upande wa pili, mguu unakuja wenyewe. Unachokoa kutoka kisiginoni kwenda kidoleni, kamwe si kinyume, usije ukaichoma ile nyama laini ya pembetatu katikati ya kwato. Halafu unanusa. Babu alikuwa ananusa kila kwato. Ikinuka kama kitu kilichooza, zizi lina unyevu, na yeye ndiye angepigwa kelele. Mguu huuachii ukaanguka, unaurudisha chini kwa mkono.

Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki. Farasi alivikanyaga siku mtoto wa bwana mkubwa alipopiga mjeledi mnyama akiwa bado ameshikwa mguu. Hiyo nayo iko kwenye intaneti?

Visigino_Chini
Jicho, huyu si wakala. Hilo la kunusa nimelijua baada ya kupanda miaka, na wengi tunaopanda pale Karen hatulifanyi kwa sababu saisi anatufanyia.

Dada, mbona hukuandika hayo kwenye fomu? Wanaoweza kukaa juu ya farasi ni wengi. Anayeweza kumwinua mguu mnyama asiyemjua, akamsoma afya yake kwa pua, mameneja wanamtafuta. Waandikie upya. Sema hujui kwenda shoti, sema unajifunza, sema babu alikuwa saisi na kazi ya zizini unaiweza. Omba farasi mtulivu na utoke na kundi siku za karibu, ile ya kuhamisha boma waamue wao wakishakuona umekaa vipi.

Mzee_wa_Josho
Naunga mkono. Na masaisi wa huko wengi wamerithi kazi kwa baba zao. Ukiwatajia jina la babu, huenda kuna anayelijua.

Shangazi_Pangani
Na soma bima yako mwanangu, nyingi hazilipi kuanguka kutoka kwa farasi mpaka uongeze. Ndege za AMREF Flying Doctors ziko Wilson, lakini uliza kwanza nani analipa.

NyotaYaUmoja
Kama nikiandika upya wakaninyima ng'ombe je? Wakanirudisha kwenye kamba?

Visigino_Chini
Basi utavutwa siku ya kwanza. Saisi akiona unavyokaa ataifungua mwenyewe, wanajua kuliko meneja. Weka na kilo zako za kweli, ranchi nyingi zina kikomo na mgongo ni wa farasi, si wako.

NyotaYaUmoja
Kilo sabini na moja, hizo sikudanganya. Nitaandika usiku huu. Bado naona mngeniambia tu habari ya viatu, lakini nitaandika. Mzee wa Josho, nakutumia jina la babu pembeni, nisaidie kuuliza.

Mzee_wa_Josho
Tuma, na jina la shamba kama unalikumbuka.

Jicho_la_Buruburu
Sawa, la kwato nimelikubali. Jibu la ranchi likija liweke hapa, liwe lolote lile.

Mwana_wa_Langoni
Wakikukatalia ile siku ya kuhamisha boma, nafasi inaweza kupewa mtu mwingine? Nauliza kwa moyo safi.