Discovery 3 imelala kona ya nyuma kulia: nani amewahi kujitengenezea kijiti cha sensa?

parachichi_njombe
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover Discovery 3 ya 2006, dizeli 2.7, ya springi za mifuko ya upepo, ninabebea miche ya parachichi. Juzi nikitoka shamba, njia yenyewe mnaijua, mawe na makorongo, dashibodi ikawasha taa ya springi na kuniandikia nisizidi kilomita 50 kwa saa. Nilipofika nyumbani kona ya nyuma kulia imelala kabisa, kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Nikiwasha nasikia ssss ya upepo kutoka, halafu kimya, gari haliinuki.

Fundi wa hapa anasema mfuko wa upepo umepasuka, ninunue mpya. Nimeumwagia maji ya sabuni, sioni povu. Nikaingia chini na tochi ya simu, nikaona kile kijiti kinachounganisha sensa ya kimo (inayoiambia kompyuta kona iko juu kiasi gani) na mkono wa tairi kimechomoka kichwa, kinaning'inia. Kwa bei niliyotajiwa ya sensa kamili kutoka Dar, nilikaa kimya kidogo. Kuna aliyewahi kufunga waya au kitu chochote pale? Keshokutwa nina miche mia tatu ya kupeleka.

spana14
Kwanza nikugombeze: umeingia chini ya gari la upepo ambalo kompyuta yake haijui lilipo? Usirudie. Gari hilo hata ukizima, kompyuta ya springi huamka yenyewe baada ya saa kadhaa na kushusha kona ili gari lilale sawa. Weka stendi chini ya chasisi, si jeki peke yake, na uchomoe waya wa betri kabla hujatia kichwa.

Sasa tuje kwenye mfuko. Usinunue. Mfuko uliopasuka huvuja gari likiwa limezimwa, na ukiwasha, kompresa (pampu ya upepo) inahangaika kuujaza mpaka inachemka. Kwako kompresa iko kimya na upepo unatoka. Maana yake ni kompyuta yenyewe inautoa. Kijiti kimechomoka, mkono wa sensa umeanguka, na mkono ukianguka hivyo sensa inasema "kona hii iko juu mno". Kompyuta inatii, inashusha, inashusha, mpaka mwisho. Haioni mabadiliko, basi inakuwashia taa. Ingekuwa mkono umekwama upande wa pili, ungeona kona imesimama kama mbuzi aliyeona chui.

Mimi yalinikuta 2019, nikishuka mlima Kitonga na magunia ya vitunguu nyuma. Pale Ruaha Mbuyuni nikaenda kwa fundi baiskeli, nikanunua spoku mbili na kipande cha mpira wa mafuta. Nikakata spoku kwa urefu, kila mwisho nikaweka kipande cha mpira, nikakikandamiza kwenye ile boli ndogo (kile kichwa cha mviringo kinachoshikwa na kijiti), nikakaza kwa waya mwembamba. Gari likainuka pale pale, fundi baiskeli akapiga makofi. Mpaka Mikumi nimeshaichukia kazi yangu. Mpira ulikuwa unanyooka, kwa hiyo kila tuta sensa inasema hiki mara kile, kona inapanda inashuka, kompresa haipumziki. Nikafika Morogoro imeshaanza kunuka. Kwa hiyo spoku ni ya kukufikisha, na usitumie mpira mrefu. Kadiri mpira unavyolegea ndivyo sensa inavyodanganya.

Ya kudumu fanya hivi. Nenda kwenye chuma chakavu utafute zile boljointi ndogo (viungo vyenye boli ndani) za fimbo ya kanyagio la mafuta, za magari ya zamani kabla kanyagio halijawa la umeme. Zinauzwa kama takataka. Chukua na kipande cha fimbo ya nyuzi inayoingia kwenye boljointi ulizopata, na nati mbili za kukazia. Halafu kapime kijiti cha upande wa kushoto, ambacho ni kizima: katikati ya boli mpaka katikati ya boli, si ncha mpaka ncha. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Ukikifanya kirefu au kifupi, kona itasimama kwa kimo kingine, kwa sababu sensa inapima pembe ya mkono wake tu, haijui kijiti ni cha nani. Wanaopenda gari refu huibia kimo kwa njia hiyo hiyo.

Kabla hujaunganisha, zungusha mkono wa sensa polepole kwa vidole. Uwe laini. Ukihisi unakwama mahali, kijiti hakina kosa, sensa ndiyo imekufa kwa matope. Kama una mita ya umeme, sensa inapata volti 5, na waya wa ishara unatakiwa upande na kushuka taratibu ukizungusha mkono, bila kuruka. Ikiruka hata mara moja, usipoteze muda na fimbo.

rift_diski
Mimi hapa Nakuru nilichoka na hizo hadithi. Fundi wa umeme aliniwekea rizista mahali pa sensa, kompyuta ikadhani kona iko sawa siku zote. Taa ikazima. Boss, kwa nini uhangaike na fimbo?

spana14
Ndugu wa Nakuru, taa kuzima ndiyo hasara yenyewe. Rizista haisogei. Ukipakia mizigo kona inalala, kompyuta inaona iko sawa, haipeleki upepo. Mfuko ukianza kuvuja kidogo, hakuna wa kukuambia. Huyu bwana anabeba miche mia tatu na udongo wake kwenye mifuko. Atakuwa anaendesha gari lililoinama upande mmoja huku dashibodi inamwambia yuko salama. Kijiti cha fimbo kinaeleza ukweli, hata kama kimetengenezwa na vyuma vya kuokota. Rizista haielezi kitu.

rift_diski
Hapo nimekuelewa, mzee. Kweli yangu huinama nikijaza. Nilidhani ni mfuko.

parachichi_njombe
Shikamoo mzee spana14. Nimeleta majibu.

Betri nimechomoa, stendi mbili. Boljointi nilipata moja tu, kwenye Land Rover ya zamani iliyokufa nyuma ya gereji ya jirani, mwenyewe akanipa bure. Ya pili fundi wa pikipiki aliniuzia, sijui ni ya chombo gani, ila boli iliingia. Upande wa kushoto nimepima mara tatu, kila mara namba yake. Kwa hiyo nikakata kijiti kirefu kidogo nikamalizia kwa kuzungusha nyuzi.

Nimewasha, nimefunga milango yote (nilikuwa nimeacha mmoja wazi, nikadhani imekataa tena), kompresa ikalia na kona ikainuka. Nikapima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi, kulia na kushoto: tofauti milimita nne, kulia kuko juu. Taa ya springi imezima baada ya kuzima na kuwasha mara ya pili. Je, hizo nne niziache au lazima mashine ya kurekebisha kompyuta?

spana14
Marahaba. Sensa ni ile ile, mashine ya nini? Fungua nati, chomoa boljointi moja, izungushe kwenye fimbo nusu mzunguko, irudishe, kaza, washa, pima tena. Tofauti ikiongezeka badala ya kupungua, rudi upande wa pili. Mashine utaihitaji siku utakayofunga sensa mpya, hapo kompyuta lazima ifundishwe kimo upya. Na hiyo boljointi ya pikipiki ivishe kipande cha tyubu ya baiskeli, ujaze grisi ndani, ufunge kamba. Vumbi la Njombe na boli isiyo na kofia havikai mwezi.

parachichi_njombe
Nusu mzunguko, sasa ni milimita moja. Tyubu nimeweka. Napakia saa kumi na moja alfajiri.