Neno likitimia, je, limekuwa unabii?

Hoja hii imeletwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu Dunda, hapa Bagamoyo, naye ameiuliza kwa adabu: hawa wanaojiita manabii siku hizi, wanaotaja maradhi ya watu wasiowajua na kutangaza mapema matokeo ya uchaguzi na vifo vya wakubwa, wanatoa unabii au wanatoa kitu kingine? Waliotangulia kumjibu wamegawanyika. Mzee wetu mmoja amesema unabii ulishafungwa na jina hilo halimstahili mtu yeyote aliye hai. Mwalimu wa kwaya amesema kipimo ni kimoja tu: neno likitimia ni la Mungu, lisipotimia ni la mtu. Mimi ni Mkristo, na nitamjibu zaidi huyu wa pili, kwa sababu kipimo chake ndicho kinachotumiwa na wengi, na nimekiona kwa macho yangu kikivunja nyumba.

Kauli ya mzee ina uzito wake. Kurani, sura ya 33 aya ya 40, inamtaja Mtume Muhammad (S.A.W.) kuwa mwisho wa manabii, na suala hilo limewahi kuchemka katika Kiswahili chenyewe: Waahmadiyya, wanaomhesabu mwanzilishi wao kuwa nabii, walipochapisha tafsiri yao ya Kurani mwaka 1953, masheikh wa pwani hawakuinyamazia, na tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, inawajibu waziwazi. Hata hivyo mzee anaijua pia Hadithi isemayo kwamba ndoto njema ya muumini ni sehemu moja katika sehemu 46 za unabii. Kwa hiyo, kama ninavyoelewa, kilichofungwa ni cheo, wala si kila habari itokayo ghaibu. Mtu anaweza kuota ndoto ya kweli na asubuhi akaamka akiwa jirani yetu yule yule, asiye na amri juu ya mke wa mtu wala mali ya mtu. Naiona hekima kubwa hapo, na natamani sisi Wakristo tungeitazama kabla ya kuibeza.

Sehemu ya ugomvi wetu inatokana na lugha. Tunasema utabiri wa hali ya hewa, na kutokana na mazoea hayo tumedhani kwamba nabii ni mtu wa kutangaza yatakayotokea, kama vile mvua ya kesho. Lakini fungueni Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union Version, msome Wakorintho wa Kwanza sura ya 14. Kazi ambayo tafsiri nyingine zinaiita kutoa unabii, wafasiri wale waliiita kuhutubu, na Paulo anaifafanua kuwa ni kusema na watu maneno ya kuwajenga, kuwafariji na kuwatia moyo. Katika maelezo hayo hakuna kutaja jina la mchawi wala kubashiri nani atakufa.

Sasa nije kwa mwalimu wa kwaya. Ameegemea Kumbukumbu la Torati sura ya 18, na ni kweli kwamba sura hiyo inasema neno lisilotimia halikutoka kwa Bwana. Angerudi nyuma sura tano tu angeikuta sura ya 13, ambako watu wanaonywa kwamba ishara inaweza kutokea vile vile kama ilivyotajwa na bado aliyeitaja asisikilizwe, ikiwa anawapotosha. Yona naye alitangaza kwamba Ninawi utaangamizwa baada ya siku 40. Watu wakatubu, mji ukabaki, na hakuna anayemwita Yona nabii wa uongo. Kutimia peke yake, basi, kunashindwa pande zote mbili.

Nyumba niliyoiona ikivunjika ni ya binamu yangu, mvuvi. Mwaka mmoja, kusi likivuma kwa nguvu, alikuwa akirudi pwani siku baada ya siku akiwa na samaki wasiotosha hata kitoweo. Alikwenda kwa mtu anayejiita nabii, akaambiwa kwamba mke wa kaka yake ndiye aliyezifunga nyavu, na kwamba akishamtenga, bahari itafunguka kabla ya miezi mitatu. Akamtenga. Miezi mitatu haikuisha, samaki wakarudi, na ushuhuda ukatolewa mbele ya watu kwa shangwe. Kila anayeishi na bahari hii anajua kwamba kusi likilegea maji hutulia, ngalawa hufika mbali, na mavuno huongezeka, awe ametengwa mtu au hakutengwa. Shemeji yetu yule, aliyemuuguza mama mkwe wake hadi siku ya mwisho, hajavuka tena kizingiti cha nyumba ile. Neno lilitimia. Nasema bila kusita kwamba halikuwa unabii.

Kipimo ninachokishika kiko katika sura ile ile ya 14 ya Wakorintho wa Kwanza, mstari wa 29: manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Hapo anayesema hapewi neno la mwisho. Wanaomsikia wana haki, tena wana wajibu, wa kumuuliza. Pwani yetu imeonja ladha ya neno lisiloulizwa. Mwaka 1908, chini ya Wajerumani, ilizagaa barua iliyodaiwa kuandikwa na Sheikh Ahmad wa Madina, aliyesema amemwona Mtume ndotoni na kwamba mwisho umekaribia, nayo ilizua hofu kubwa, hasa upande wa Lindi. Nani angemfikia Sheikh Ahmad amhoji? Barua ya jina hilo hilo ingali inafika katika simu zetu, pamoja na amri ya kuisambaza na vitisho kwa atakayeipuuza. Na Shakahola, nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioelezwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu, inatuonyesha mwisho wa njia ambayo kuuliza kumehesabiwa kuwa ni kumuasi Mungu.

Kuhusu fedha sina haja ya kurefusha, kwa kuwa Mika 3:11 iliwakemea zamani manabii waliobashiri kwa fedha. Lakini kukosa tamaa pekee hakutoshi. Marehemu mchungaji Ambilikile Masapila wa Samunge, Loliondo, alisema kikombe chake cha dawa ya mitishamba alioneshwa na Mungu ndotoni, akakitoa mwaka 2011 kwa shilingi 500, na sikumwona kuwa mtu wa tamaa. Hata hivyo wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa, na ndoto yake ilistahili kuhojiwa kama ndoto nyingine yoyote.

Mwalimu wangu wa kwaya, nakuheshimu, na najua unalipenda Neno. Naomba unijibu jambo moja kabla hatujaendelea: lile la nyavu za binamu yangu, ambalo kwa kipimo chako limetimia ndani ya muda uliotajwa, unalihesabu kuwa la nani?