Mdogo wangu anaruhusiwa kutoka hospitali mwezi ujao: akaishi wapi?

Dada wa Kibaha

Ndugu zangu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 27, ataruhusiwa mwezi ujao baada ya kulazwa miezi minne kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili, na hii ni mara yake ya tatu. Mara mbili zilizopita alirudi kwa wazazi, na zote mbili dawa zilikoma mwezi wa pili, kwa kuwa baba huamini kwamba aliyepona hana haja ya dawa. Isitoshe, kijana akikasirika hata kidogo, mlango wa chumba chake hufungwa kwa nje. Nilimpatia chumba cha kupanga karibu na kwangu, lakini mwenye nyumba aliposikia habari zake alinirudishia kodi yote ya miezi mitatu. Je, yapo makazi ambamo mtu anayepata nafuu huishi kama mpangaji mwingine, huku msaada ukiwa karibu?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Jambo hili nchini mwetu si geni: vipo vijiji vya utengamao ambako waliopata nafuu huishi na kulima, na Vikuruti, kilicho chini ya Muhimbili, ni kimojawapo. Muone afisa ustawi wa jamii wa wodi sasa hivi, usingoje siku ya kuruhusiwa, kwa maana siku hiyo kila mtu anahangaika na faili na bili. Hata hivyo, maisha ya shamba hayamfai kila kijana, hasa aliyezoea kazi za mjini. Katika miaka yangu yote wodini niliwaona wengi wakirudi, na mara nyingi chanzo kilikuwa tarehe ya sindano ya dawa kupita bila mtu yeyote kugundua. Popote atakapolala, awepo mtu mmoja anayeijua tarehe hiyo.

Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii

Dada, naomba nizungumzie huyo mwenye nyumba. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, Dakta Thomas Adeoye Lambo aliwapangishia wagonjwa vyumba katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja akiwa na ndugu yake; asubuhi walikwenda hospitali kutibiwa, na baadaye wakarudi kijijini. Mji wa Geel, Ubelgiji, umekuwa ukiwapokea wagonjwa majumbani kwa karne nyingi, na katika miaka ya 1930 walizidi 3,000. Familia hizo hulipwa, na jambo lililo kubwa zaidi kwangu ni kwamba haziachwi peke yao: mgonjwa akizidiwa, hospitali ipo nyuma yao. Nadhani mwenye nyumba wako aliogopa kubaki peke yake saa nane za usiku. Rudi kwake pamoja na muuguzi wa kliniki, umwachie namba ambayo kweli itapokelewa.

Niliyewahi Kulazwa

Mimi naishi na wenzangu watatu katika nyumba tuliyopanga, na sote tulipitia wodi. Kila mmoja ana chumba chake. Jiko na sufuria ni vya wote. Hatuhesabiani vidonge, ila siku ya kliniki tunakwenda pamoja, na anayeacha kula au kulala tunamwambia mapema, kabla hali haijaharibika. Tulikwaruzana sana mwanzoni kwa ajili ya vyombo na kelele za redio, kama wapangaji wote. Dada, umeeleza anavyoona baba na anavyoona mwenye nyumba. Yeye mwenyewe umemuuliza?

Dada wa Kibaha

Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Ni kweli, sikuwa nimemuuliza, na maneno hayo yaliniuma. Jumapili nilikwenda kumtazama, nikamweleza habari za Vikuruti na za chumba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mlango wa chumba hicho unafungwa kwa ndani. Jumatano muuguzi wa kliniki amekubali tuongozane kwa mwenye nyumba, na tarehe ya sindano nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni kwangu.