Mama zao ni wajina

Kikundi: UKOO WA BIBI TATU, BARABARA YA 12
Jumapili asubuhi

Zuhura: Assalaam alaykum jamaa. Bibi kaamka salama, keshakunywa chai. Tangu alfajiri ananiuliza kitu kimoja na sina jibu. Omari upo?

Omari: Waalaykum salaam dada. Nipo, napanga mabenchi kibandani. Shikamoo Bibi.

Zuhura: Marahaba, anasema. Anauliza hivi: wale wawili wa picha ya jana usiku, ile Batman v Superman, walipatana kwa lipi?

Shangazi Mwanahawa: Afadhali kauliza. Mimi niliinuka kwenda kuepua mhogo, nawaacha wanauana. Narudi na sinia, wako upande mmoja. Nikajua nimepitwa na kipande kirefu.

Omari: Hujapitwa na kitu shangazi. Batman kamkanyaga mwenzake shingoni, mkuki wa lile jiwe la kijani linalommaliza nguvu Superman uko mkononi. Superman pumzi zinamwishia, anamwomba amwokoe Martha. Batman anashtuka kwa sababu marehemu mama yake aliitwa Martha. Ndipo Lois, yule mwandishi wa habari mpenzi wa Superman, anaingia mbio na kumwambia ni jina la mama yake huyu. Mkuki ukatupwa, wakawa ndugu.

Shangazi Mwanahawa: Kumbe mama zao ni wajina!

Omari: Wajina kabisa.

Zuhura: Bibi kasikia "wajina" kanipokonya simu, kisha kanirudishia niandike. Anasema: "Mtoto wa wajina wangu ni mwanangu. Yule Tatu wa barabara ya 14, watoto wake hawapiti mlangoni kwangu bila kuingia kunipa mkono. Jambo la jina si dogo. Lakini huyo kijana ana miguu ya mtu shingoni, anaita mama yake kwa jina? Mtoto gani humtaja mama yake hivyo?"

Mama Rama: Bibi kweli. Angesema "mama yangu" tu.

Omari: Bibi umenigusa pale pale. Picha hii ilitoka Machi 2016, na nilipoionyesha kibandani hapa Makorora, Tanga, watu waliguna kwenye kipande hicho. Hata huko Marekani kilichekwa sana. Mimi sijawahi kukicheka. Naona mwandishi alishika kitu kikubwa, akakiachia kabla hakijaiva. Picha nzima Clark, ndiye Superman, anamwita mama yake "mama", kama inavyopasa. Sasa dakika anayokaribia kukata roho ndiyo analitaja jina lake mbele ya mtu asiyemjua. Mtazamaji anahisi kabisa kwamba jina limewekwa pale ili Batman alisikie.

Mjomba Rashidi: Salaam wanangu. Nilikuwa msikitini. Wahindi wangeulizwa hili wangejibu zamani. Mwaka 1977 walitoa Amar Akbar Anthony. Ndugu watatu wanapotezana wakiwa wadogo, mmoja analelewa na polisi Mhindu, mmoja na fundi cherehani Mwislamu, mmoja na padri. Wanakua hawajuani. Siku moja mama muuza maua, kipofu, anagongwa na gari. Wanaitwa watatu watoe damu. Wamelala vitanda vitatu pamoja, damu inapanda kwenye mirija, inashuka kwa yule mama, wala hakuna hata mmoja anayejua kuwa yule ni mama yao. Jina la picha linatokea hapo. Mimi na marehemu kaka tuliiona hapa mjini, na watu wazima walikuwa wanajifuta machozi kwa mikono ya kanzu. Sasa ndugu hao wakija kutambuana mwishoni, nani ataguna?

Shangazi Mwanahawa: Nirupa Roy yule mama. Nililia siku mbili.

Mjomba Rashidi: Huyo huyo. Waliotengeneza ile walituambia sisi kwanza, ndugu wenyewe wakaja kujua baadaye. Hii ya jana imetuficha sisi na wao, halafu inataka sote tushtuke kwa pamoja.

Salimu: Shikamooni wakubwa. Nimechelewa kuona simu, huku Dodoma nilikuwa kwenye mtihani wa majaribio. Ila jamani msiionee. Jina limepandwa tangu mwanzo. Dakika za kwanza kabisa baba yake Batman anapigwa risasi, neno la mwisho analitoa ni Martha. Na kuna ndoto ya makaburini, jina liko ukutani. Halafu ile ya Batman kumwokoa Mama Kent, mama yake Superman, ghalani, anawachapa wale majambazi mmoja mmoja, sijaona mapigano ya Batman yanayoifikia.

Omari: Ghalani nakupa Salimu, pale watu wangu wa kibandani walisimama juu ya mabenchi. Na kweli jina lilipandwa. Ila limepandwa upande mmoja. Martha wa Batman tunamwona anakufa, tunaona na kaburi. Martha wa Superman tunamjua kama mama wa Clark, jina lake yule adui Lex analitaja haraka juu ya ghorofa, likatupita. Ungewauliza wote waliokuwa ukumbini kwa Bibi jana, kabla ya mkuki, yule mama wa shamba anaitwa nani, asingejibu mtu.

Mama Rama: Mimi nisingejibu.

Baba mdogo Athumani: Nami niseme langu. Lile jiwe la kijani lilitolewa wapi?

Omari: Bahari ya Hindi, baba mdogo. Mashine iliyoharibika kwenye picha ya kwanza ya Superman, ya mwaka 2013, ilizama huko.

Baba mdogo Athumani: Nilisoma maandishi pale, nikakaa sawa kwenye mkeka. Bahari yetu. Wale vijana wamepiga mbizi, wameibua jiwe, wameliweka kwenye mashua yao. Nikasema sasa watatuonyesha wamelipwa nini, au limewadhuru, au mzee wao mmoja kawaambia lirudisheni majini. Hawakurudi tena. Sisi pale ufukweni Deep Sea mtu akiibua hata chuma cha meli, habari yake inazungumzwa mwezi. Jiwe linalotaka kuua mtu anayeruka angani limepita mikononi mwa vijana wavuvi, na hakuna aliyewauliza jina.

Omari: Baba mdogo, hapo umesema kitu ambacho sikukifikiria. Na ni mara mbili. Kuna ile nchi ya jangwani, Nairomi, nchi ya kubuni ya Afrika. Lois anakwenda kumhoji jenerali, watu wanauawa, kisha dada mmoja wa kule anapelekwa mbele ya wabunge Marekani kumtupia lawama Superman. Jana nyote mliniuliza Superman kawaua vipi watu wa kijiji na yeye hana bunduki. Kosa ni langu, niliyoleta ni ile fupi ya sinema, dakika 151. Baadaye mwaka ule ule walitoa ndefu, imezidi kama nusu saa. Humo tunaona mamluki wanachoma maiti ili ionekane ni moto wa macho ya Superman. Na yule dada anakiri kwamba alidanganya, baadaye anasukumwa mbele ya treni.

Shangazi Mwanahawa: Innalillahi. Na hayo ndiyo waliyoyakata?

Omari: Ndiyo hayo shangazi. Wakabakiza kile cha Wonder Woman, yule shujaa mwanamke, kufungua kompyuta kutazama vipande vya mashujaa wengine, Flash, Aquaman na yule mwenye mwili wa chuma, tena wakati tunasubiri pambano kubwa. Lile ni tangazo la picha ijayo. Mimi mwenye kibanda nikisimamisha picha katikati nikabandika tangazo, watu wanadai hela zao.

Salimu: Walikuwa na haraka kaka. Wenzao wa Avengers walianza 2008, wakatoa picha tano kwanza, ndipo 2012 wakawakutanisha mashujaa wao. Hawa walikuwa na picha moja tu ya Superman, wakataka ya pili iwe na Batman, Wonder Woman, Lex, yule dubwana Doomsday na kifo juu yake. Na bado iliingiza zaidi ya dola milioni 870 duniani.

Omari: Wiki ya kwanza ilijaa, Salimu. Wiki ya pili huko Marekani mapato ya siku za mapumziko yalishuka karibu asilimia 70. Mimi naijua hiyo kwa mabenchi yangu. Siku ya kwanza watu wanakuja kwa sababu ya majina mawili kwenye ubao. Siku ya pili anakuja yule aliyeambiwa na jirani.

Mjomba Rashidi: Na kifo! Steringi hafi. Akifa, awe amekaa na watu miaka.

Salimu: Kwenye vitabu vya katuni alikufa kwa Doomsday kweli mjomba. 1992.

Mjomba Rashidi: Na vitabu vilianza lini?

Salimu: 1938.

Mjomba Rashidi: Haya hesabu mwenyewe. Waliomlilia walisomewa habari zake tangu kwa babu zao. Sisi jana tumemjua kwa picha ya pili, muda mwingi kanuna, halafu tunaambiwa tulie.

Mama Rama: Samahanini naingilia. Rama jana hakulala. Mnakumbuka mwanzo, majumba yanaanguka, vumbi, Batman bila kinyago anakimbia kumwokoa yule mtoto wa kike asiangukiwe na chuma? Anamwambia tutamtafuta mama yako, yuko wapi? Mtoto ananyoosha kidole juu, kwenye ghorofa ambalo halipo tena. Basi Rama kila kipande kikipita ananivuta kanga: "Mama, yule mama yake kapatikana?" Mpaka majina yanapanda mwishoni bado anauliza. Nilikosa la kumwambia.

Zuhura: Bibi kanyamaza. Nimemsomea mara mbili.

Omari: Mama Rama, umenikalisha kwenye benchi. Nimeiona picha hii zaidi ya mara kumi, na yule mtoto nilimsahau. Rama ana miaka sita na ndiye aliyeishika picha.

Ngojeni niandike hili vizuri.

Picha nzima ni habari ya mama. Batman kaona mama yake anauawa kichochoroni. Mtoto wa kwanza anayemkumbatia kwenye vumbi hana mama. Lex anamteka Mama Kent ili amlazimishe mwanawe alete kichwa cha Batman. Vitu vyote viko mezani, havikupikwa chungu kimoja. Ningekuwa mimi, yule mtoto wa vumbini nisingemwachia. Batman anamlea, au anampeleka kwa watu wake na kwenda kumwona kila mwezi, na kila akimwona hasira yake kwa Superman inapanda, nasi tunamwelewa. Kisha Batman ni mpelelezi. Picha nzima anatafuta jiwe, hamtafuti mtu. Mimi ningemfanya afuate nyayo za adui yake mpaka Kansas, shambani, abishe hodi. Mama Kent anamfungulia. Hajui mgeni ni nani, ila ni mgeni, anamwekea chakula. Batman anaona picha za mtoto ukutani. Anapoaga, anauliza jina, naye anamwambia, Martha. Anatoka pale na jina mfukoni, na bado anakwenda kutengeneza mkuki, kwa sababu yule mtoto wa vumbini anamwuma zaidi.

Sasa fikirini shingo iko chini ya kiatu. Superman hataji jina lolote. Anasema tu, mama yangu wamemchukua. Na Batman ndiye anayelitamka. "Martha."

Shangazi Mwanahawa: Mwili umenisisimka.

Salimu: Kaka. Hiyo nisingeitetea, ningeilipia mara mbili.

Mjomba Rashidi: Hapo sisi tunajua na yeye anajua. Hapo hakuna wa kuguna.

Salimu: Lakini Doomsday ukimtoa, Wonder Woman anaingia wapi? Ule muziki wake ukilia pale na ngao ikizuia moto, ukumbi mzima ulipiga makofi.

Omari: Sitaki kumtoa Wonder Woman, ndiye aliyependeza kuliko wote. Anamfuata Lex kwa ajili ya picha yake ya zamani aliyopigwa 1918, basi adui yake yupo tayari. Amsaidie Batman ghalani kumtoa Mama Kent. Doomsday abaki kwa picha ya tano huko.

Salimu: Ghala na Wonder Woman humo humo? Nakubali.

Baba mdogo Athumani: Na wavuvi wangu?

Omari: Wavuvi wawe ndio wanaomwambia Batman jiwe lilikokwenda, kwa majina yao, kwa Kiswahili chao. Bahari ni hiyo hiyo baba mdogo.

Baba mdogo Athumani: Hapo sawa.

Zuhura: Bibi anataka Rama aletwe baada ya Adhuhuri. Anasema atamweleza mwenyewe habari za yule mtoto, na hatamdanganya. Atamwambia mama yake hakupatikana, na yule bwana wa vumbini akamshika mkono akampeleka kwa bibi yake.

Mama Rama: Namleta. Ahsante Bibi.

Zuhura: Na Jumamosi anataka ile ya vitanda vitatu. Omari unayo?

Omari: Ninayo kwenye flashi, haijatafsiriwa lakini.

Mjomba Rashidi: Nitatafsiri mimi. Zuhura, lile shuka jeupe lifuliwe, jana lilikuwa na doa la tui pale pale usoni pa Batman.