Naomba ushauri: mashine ya kuoshea vyombo inabakiza maji chini

Wakuu habarini. Nipo Dodoma, mitaa ya Ilazo. Mashine yangu ya kuoshea vyombo ni mtumba ila ilikuwa inapiga kazi vizuri. Sasa ikimaliza, maji machafu yenye mafuta yanabaki chini, na glasi zinatoka na weupe fulani, ukikwangua kwa kucha unabanduka kama chokaa.

Mnaoishi huku mnayajua maji ya visima vya Makutupora, hata birika la umeme linaota magamba. Ile mikono inayozunguka ikirusha maji, vitundu vyake vilikuwa vimeziba. Nimevizibua kwa kijiti cha meno, nikailoweka kwenye siki. Glasi zimepata nafuu. Chujio nimelisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni. Mpira wa kutolea maji haujakunjika.

Lakini maji bado hayatoki, pampu inanguruma tu. Nahisi kipande cha mfupa au cha glasi kimenasa kwenye pangaboi lake. Fundi aliyekuja hata kufungua hakufungua, akasema nunua pampu mpya. Hapo tukashindwana.

Aliyewahi kuifungua anisaidie: nikishachomoa umeme na kukausha maji, pampu naifikia kwa juu, pale penye chujio, au lazima niilaze mashine? Na ile chumvi ya kulainishia maji, yenye punje kubwa, hapa mjini inapatikana wapi? Ya mezani naambiwa haifai.

Msiniambie nioshe kwa mkono, hilo shemeji yenu ameshalisema.