Naomba ushauri: kaka alijitoa uhai, watoto wake waambiweje?

Ndugu zangu, salaam. Miezi miwili iliyopita kaka yangu alijitoa uhai. Ameacha mke na watoto wawili, wa miaka 11 na 6. Polisi walikuja, tukaandikisha maelezo, tukazika.

Kinachonishinda ni nyumbani. Wazee wameamua watoto waambiwe baba alipata ajali. Wanaona aibu, na mmoja anaamini familia inaweza kushtakiwa. Nilimweleza kwamba marehemu hashtakiwi, na kwamba hata pale sheria inapotaja kosa, ni la kujaribu kujiua au kumsaidia mtu kujiua. Kufiwa si kosa. Uingereza, ambako sheria nyingi za namna hii zilitoka, walilifuta kosa la kujiua mwaka 1961. Hakunisikia.

Lakini mkubwa ameshaanza kuhisi. Juzi aliniuliza kama baba aliondoka kwa sababu yeye alimjibu vibaya asubuhi ile. Nilimkumbatia, nikamwambia si kosa lake hata kidogo, nikakwama hapo. Iliniuma sana. Wifi yangu naye hapati usingizi, chakula anaonja tu. Nilimpeleka kwa mshauri nasaha mara moja. Hataki kurudi, anasema hana nguvu ya kusimulia tena.

Naomba mnisaidie, hasa mliowahi kufiwa hivi. Mtoto wa umri huo mlimwambia ukweli kwa maneno gani, na mdogo aambiwe pamoja naye au kivyake? Na wifi nimsaidieje bila kumlazimisha kuongea?